Nyimbo kwa Kipimo cha Koo

Katika miji ya Italia ya karne ya 18 na ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, mtunzi wa opera hakushika kalamu kabla ya kuarifiwa ni nani watakaoimba. Mwenye jumba la michezo alifunga kwanza mikataba na waimbaji wa msimu, ndipo akamwita mtunzi na kumpa majina yao, naye mtunzi akaenda kuwasikiliza mmoja baada ya mmoja, akajua sauti ya huyu hupanda hadi wapi kabla haijakwaruza, na ya yule huchoka mahali gani, na pumzi ya mwingine huweza kubeba maneno mangapi, na ni nani hodari wa kupamba na nani hodari wa kuliza. Kisha akarudi chumbani kwake akatunga kwa haraka, aghalabu kwa majuma machache tu, kwa kuwa siku ya onyesho la kwanza ilikuwa imekwisha tangazwa. Mozart, akiwa kijana wa miaka 22, alimwandikia babake kwamba apenda wimbo umkae mwimbaji kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake, na kwa kusema hivyo hakuleta jambo geni, bali alieleza kanuni ya kazi ambayo watunzi wa zama zake waliijua na kuifuata.

Opera, kwa msomaji ambaye hajapata kuihudhuria, ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa mbele ya okestra kamili, bila kipaza sauti, katika jumba la watu elfu moja, elfu mbili, au zaidi, hata ikawa koo la mwimbaji ndicho chombo cha kwanza cha kuzingatiwa na mambo mengine yote hufuata. Ndiyo maana Vincenzo Bellini alipoandika Norma, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika jumba la La Scala mjini Milano tarehe 26 Desemba 1831, aliiandika kwa ajili ya Giuditta Pasta na si kwa mtu mwingine. Na ndiyo maana Gaetano Donizetti, alipotayarisha Lucrezia Borgia mwaka 1833 kwa jumba hilo hilo, alilazimika kumridhisha Henriette Méric-Lalande, ambaye alidai apewe mwishoni wimbo wa madoido wa kudhihirisha uwezo wake, ilhali mtunzi aliona, na haki ilikuwa yake, kwamba mama ambaye mwanawe amekata roho mbele ya macho yake hana sababu ya kuimba kwa mbwembwe. Donizetti hakupendezwa, lakini aliandika.

Desturi hiyo ilikufa polepole. Watunzi walipata haki juu ya kazi zao, na pamoja na haki wakapata fahari ya kuwa mabwana wa jumba. Opera za marehemu zikazidi kuonyeshwa kuliko za walio hai. Na kufikia katikati ya karne ya 20 mwimbaji mkubwa aliweza kumaliza umri wake wa kazi akiimba takriban kila usiku nyimbo zilizokatwa kwa kipimo cha mwanamke aliyezikwa zamani, na sifa yake yote ikawa ni kujua namna ya kuzivaa. Kisa nitakachokihadithia ni cha mwimbaji mmoja wa namna hiyo, ambaye alipokuwa na umri wa miaka 53 alimpata mtunzi wa kumpima upya. Na mtunzi huyo hakutoka katika jumba lolote la opera, bali alitoka katika bendi ya roki, na kabla ya hapo alitoka Unguja.

Montserrat Caballé alizaliwa Barcelona tarehe 12 Aprili 1933, katika nyumba ya watu wa hali ya chini, miaka mitatu kabla ya Hispania kuingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alisoma katika chuo cha muziki cha Liceu, jumba la opera la mji huo, akahitimu mwaka 1954 kwa medali ya dhahabu, na kwa kuwa nchini kwake hapakuwa na riziki ya kutosha kwa mwimbaji mchanga alikwenda Basel, nchini Uswisi, mwaka 1956, kisha Bremen, nchini Ujerumani, akikaa katika majumba ya wastani na kuimba kila alichoamriwa. Mlango wake wa kheri ulifunguliwa na udhuru wa mtu mwingine. Tarehe 20 Aprili 1965, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, ilikuwa iimbwe Lucrezia Borgia, ile ile ya Donizetti, na Marilyn Horne aliyetazamiwa kuiimba hakuweza kwa sababu ya ujauzito. Caballé akaitwa, akajifunza kwa muda mfupi kazi ambayo hakuwa ameizoea, akasimama usiku ule mbele ya watu wasiomjua, na kulipopambazuka jina lake lilikuwa midomoni mwa wapenzi wote wa opera katika mji ule. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha kuimba katika jumba la Metropolitan.

Kilichowashangaza watu katika sauti yake hakikuwa ukubwa, ingawa ukubwa ulikuwapo. Alikuwa na uwezo wa kuchukua noti ya juu kabisa, mahali ambapo waimbaji wengi huwa hawana budi kupiga kelele, akaiimba kwa sauti ndogo mno, akaishikilia muda mrefu bila kutetereka, na sauti ile ndogo ikamfikia mtu aliyekaa safu ya mwisho. Mwaka 1974 aliimba Norma katika ukumbi wa wazi wa Warumi wa kale ulioko Orange, kusini mwa Ufaransa, na usiku huo ukavuma upepo mkali wa kaskazi wa nchi ile, uitwao mistral, hata mavazi ya waimbaji yakawa yanapeperuka mbele ya macho ya watazamaji. Picha za sinema za onyesho lile zimehifadhiwa, na mtu akizitazama huona mwanamke aliyesimama imara huku shela yake ikipepea kama tanga, akiimba nyimbo za Giuditta Pasta pasipo kukata pumzi. Wajuzi wengi wa fani hii hulihesabu onyesho hilo kuwa miongoni mwa Norma bora zilizopata kuimbwa katika karne ya 20. Lakini zilikuwa ni nyimbo za Pasta.

Sasa tugeuke upande wa mtunzi. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mwana wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Gujarati. Babake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya Kiingereza. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipelekwa skuli ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, na huko ndiko alikofundishwa kinanda na kuunda na wenzake bendi yao ya kwanza. Alirejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yake walihamia Uingereza, wakakaa Feltham, karibu na London. Siku hizi iko nyumba ya makumbusho yake Shangani, na wageni huingia kwa makundi kupiga picha. Hapana ubaya, kwani mtoto ni wa mji aliozaliwa. Ila mwenye kutaka kuitafuta taarab ndani ya nyimbo zake atakuwa anatwanga maji kinuni. Elimu yake ya muziki ilikuwa ya kinanda cha Kizungu na ya santuri za roki, na miaka aliyoishi kwetu ilikuwa michache.

Lakini taarab inatufaa kwa jambo jingine. Msomaji wa pwani ataifahamu habari hii upesi kuliko msomaji wa London, kwa kuwa tangu zama za Siti binti Saad, na katika vilabu kama Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoundwa mwaka 1905, sisi tumezoea kwamba malenga ni mtu mmoja na mwimbaji ni mtu mwingine, na kwamba malenga mwenye ustadi hujua kabla ya kumaliza ubeti wa kwanza kuwa shairi lile ni la nani na litatoka vipi kinywani mwake. Katika roki, kinyume cha hayo, aghalabu mtu hutunga wimbo auimbe mwenyewe. Mercury alikuwa ametunga kwa ajili ya koo lake, na koo lake lilikuwa pana. Hakuwa na dhiki ya kuulizana na mtu.

Alipata kuigusa opera mapema, lakini kwa mzaha. Mwaka 1975 bendi yake ya Queen ilitoa santuri iliyoitwa A Night at the Opera, jina lililochukuliwa katika filamu ya vichekesho ya ndugu wa Marx ya mwaka 1935, na ndani yake mlikuwa na Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ambao sehemu yake ya katikati huigiza kwaya ya opera kwa sauti za watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, zilizorikodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi mpaka watatu wakasikika kama umati. Wimbo huo ulikaa juu ya orodha ya mauzo ya Uingereza kwa wiki tisa. Ni kazi ya ajabu, na mimi ni miongoni mwa wanaoipenda, lakini opera yake ni opera ya mtu anayeitazama kwa mbali akicheka.

Mapenzi ya kweli yalimwingia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msaidizi wake, Peter Freestone, alikuwa amewahi kufanya kazi ya mavazi katika jumba la opera la Covent Garden, London, na siku moja walikwenda huko kutazama Un ballo in maschera ya Verdi. Kwa simulizi ya Freestone, Mercury alikuwa amekwenda kwa ajili ya Luciano Pavarotti. Pavarotti akaimba, naye akaridhika. Kisha Caballé akatoka, akafungua kinywa, na tangu hapo Mercury hakumzungumzia mtu mwingine. Alinunua santuri zake, akazisikiliza nyumbani usiku baada ya usiku, na mwaka 1986, Queen walipozuru Hispania, alisema mbele ya televisheni ya nchi ile kwamba hakuna sauti anayoihusudu kuliko ya Montserrat Caballé. Maneno yakamfikia mwenyewe. Oktoba ya mwaka huo huo Barcelona ilipewa Michezo ya Olimpiki ya 1992, na wakala wa muziki, Pino Sagliocco, akashughulikia kuwakutanisha.

Walikutana Machi 1987 katika hoteli ya Ritz, Barcelona. Mercury, ambaye miezi michache kabla alikuwa amesimama mbele ya makumi ya maelfu ya watu bila hofu, alikuwa na wasiwasi mkubwa siku hiyo. Alifuatana na Mike Moran, mpiga kinanda na mtunzi ambaye Waingereza wengi walimkumbuka kwa kuwa alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Eurovision ya mwaka 1977, na alichukua kanda yenye tungo chache za kumsikilizisha mwenyeji wake. Mojawapo ilikuwa Exercises in Free Love, wimbo usio na maneno, wa sauti tupu juu ya kinanda, ambao Mercury aliuimba kwa ile sauti nyembamba ya juu ambayo mwanamume huibana kooni ili kuigiza ya kike. Na aliyekuwa akiigizwa alikuwa ni huyo huyo aliyekaa mbele yake. Mtu mwingine angeweza kukasirika au kucheka. Caballé alisikiliza, akasema wimbo ule atauchukua yeye, na siku chache tu baadaye, mwishoni mwa mwezi ule ule, aliuimba jukwaani Covent Garden mbele ya hadhira iliyokuja kusikiliza nyimbo za kawaida yake, Moran akiwa kwenye kinanda na Mercury akiwa amekaa katika watazamaji.

Usiku ule, baada ya onyesho, walikwenda nyumbani kwa Mercury, Garden Lodge, mtaa wa Kensington, wakakaa kwenye kinanda mpaka karibu na alfajiri, wakibuni papo kwa papo. Mwanzo lililokusudiwa lilikuwa wimbo mmoja tu, nao bibi alitaka uhusu mji wake. Kisha akauliza santuri ya roki huwa na nyimbo ngapi. Akajibiwa kwamba huwa nane au kumi. Akasema basi na wazifanye zote. Hapo Mercury akajikuta katika hali ambayo Donizetti angeitambua mara moja, ya mtunzi aliyewekewa mwimbaji kwanza, na mwimbaji mwenye matakwa, na siku zilizohesabiwa.

Tatizo lilikuwa wakati. Ratiba ya mwimbaji wa daraja la Caballé hujazwa miaka kadhaa kabla, leo mji huu na kesho mji ule, na hakuweza kukaa studio kwa miezi kama wafanyavyo watu wa roki. Mercury na Moran walifanya kazi London, na njia waliyoipata ndiyo sehemu ya habari hii ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote. Mercury aliimba kila wimbo peke yake, pande zote mbili. Upande wake aliuimba kwa sauti yake, na upande wa bibi aliuimba kwa ile sauti ya kubana, akipanda pale ambapo alijua Caballé angepanda, akipunguza sauti pale ambapo alijua angeipunguza, akiacha nafasi ya pumzi pale ambapo alikuwa amemsikia katika santuri akivuta pumzi. Moran akayaandika kwa noti, kwa kuwa Mercury hakuwa msomaji hodari wa noti na Caballé hakuweza kufanya kazi bila karatasi. Kisha kanda na karatasi zikapelekwa alipo. Alipopata siku chache alikuja London, akasimama mbele ya kinasa sauti, akaimba upande wake badala ya ule wa kuigizwa.

Baadhi ya kanda hizo za majaribio zilitolewa hadharani mwaka 2000, katika mkusanyo wa kazi alizozifanya Mercury nje ya bendi yake, na mwenye kuzisikiliza husikia jambo la nadra. Husikia mwanamume wa zaidi ya miaka 40, mvutaji sigara, akihangaika juu ya kilele cha sauti yake, wakati mwingine akivunjika, akitafuta umbo la sauti ya mtu asiyekuwapo chumbani. Hakuna mzaha tena. Mtunzi wa Italia wa mwaka 1831 alikwenda kumsikiliza mwimbaji kisha akaandika. Huyu alimsikiliza kwa miaka katika santuri mpaka akaweza kumwingiza kooni mwake mwenyewe, na humo ndimo alimopima.

Bibi naye alijaribu kumpima. Alisimulia baadaye kwamba sauti ya asili ya Mercury ilikuwa ile nzito ya kati, ambayo watu wa opera huiita baritoni, na kwamba alimshauri waimbe japo kidogo kwa namna hiyo, soprano, yaani sauti ya juu ya kike, na baritoni, kama ilivyo desturi jukwaani. Naye akakataa, akisema wapenzi wake wamezoea kumsikia akiimba roki na hawataijua sauti ile kuwa ni yake. Huenda alikuwa na haki kuhusu wapenzi. Mimi naona kuwa ni hasara, kwani katika nyimbo kadhaa za santuri hii wote wawili wanapanda pamoja kileleni, na sikio huchoka kwa kutafuta mtu aliyebaki chini.

Santuri iliyopatikana iliitwa Barcelona, na ndani yake mna nyimbo nane. Wimbo wa jina hilo unajulikana na kila mtu, kwa kengele zake na kwa namna jina la mji linavyotupwa hewani. Umeimbwa kwa Kiingereza na Kihispania, na Kikatalani, lugha ya mji wenyewe ambayo utawala wa Jenerali Franco uliikandamiza hadi kufa kwake mwaka 1975, hakikupata nafasi humo. La Japonaise ina maneno ya Kijapani, kwa ajili ya nchi ambayo Mercury aliipenda na ambako Caballé pia alikuwa na wapenzi wengi. Maneno ya The Golden Boy na The Fallen Priest yaliandikwa kwa msaada wa Tim Rice, mwandishi wa tamthilia za muziki; ya kwanza imepambwa na kwaya ya namna ya Wamarekani weusi, ambamo huimba Madeline Bell na Peter Straker miongoni mwa wengine, nayo imefaulu; ya pili imejaa vishindo kupita kiasi, na kasisi wake anaanguka kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. How Can I Go On ina gitaa la besi la John Deacon wa Queen, nayo hutanguliwa na Guide Me Home, wimbo mfupi ambao humo hakuna anayejaribu kumshinda mwenziwe. Ama Exercises in Free Love ilitiwa maneno ya Kihispania na Caballé mwenyewe, ikaitwa Ensueño. Hivyo mwimbaji akawa pia malenga wa wimbo aliotungiwa.

Aibu ya santuri ile ilikuwa ni ala zake. Isipokuwa fidla, chelo na ala nyingine chache za kweli, okestra nzima ilikuwa ni vinanda vya umeme vya Moran, vilivyopangwa kwa ustadi lakini visivyo na pumzi, na kumsikia mwanamke aliyezoea kusindikizwa na watu 80 akisindikizwa na mashine ni jambo lililowakera wapenzi wa opera wa siku zile, nao walikuwa na sababu ya kukereka. Jambo jingine halikujulikana na wasikilizaji wakati huo. Kwa simulizi ya waliokuwa wakiishi naye, Mercury aliambiwa na matabibu katika Aprili 1987 kwamba ana UKIMWI, yaani wiki chache tu baada ya usiku ule wa Garden Lodge, na santuri karibu yote ilifanywa baada ya habari hiyo. Sitaki kuifanya kila noti kuwa kilio cha buriani, kama wafanyavyo waandishi wengine. Mtu aliyekuwa akitamani kwa miaka kufanya kazi na mwimbaji aliyemhusudu angeifanya kwa bidii hata kama angekuwa mzima wa afya.

Wimbo wa mji uliimbwa kwanza mbele ya watu huko Ibiza, katika klabu ya Ku, mwishoni mwa Mei 1987, ukatolewa kwa santuri ndogo mwezi Oktoba, ukafikia nafasi ya 8 nchini Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 8 Oktoba 1988, Barcelona ilifanya sherehe ya usiku ya kuipokea bendera ya Olimpiki iliyoletwa kutoka Seoul, na mbele ya Mfalme Juan Carlos na Malkia Sofia wawili hao wakasimama jukwaani, Mercury akiwa katika suti na bibi katika vazi refu, wakaziimba nyimbo tatu kwa kufuatisha midomo juu ya kanda. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Mercury kusimama jukwaani kuimba mbele ya hadhara. Santuri kamili ilitoka siku mbili baadaye, ikafika nafasi ya 15 nchini Uingereza, na wakosoaji wengi hawakujua waiweke kabati gani.

Mercury aliutangazia ulimwengu maradhi yake tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake, akaagwa kwa taratibu za dini ya Zoroasta alimozaliwa. Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa tarehe 25 Julai 1992 pasi naye. Caballé aliimba siku hiyo pamoja na waimbaji wengine wa Hispania nyimbo za opera za watunzi wa zamani, na wimbo aliotungiwa kwa ajili ya mji wake ulitolewa upya madukani, ukapanda hadi nafasi ya 2 nchini Uingereza. Mwaka 1999, katika uwanja wa Camp Nou, kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, aliuimba tena, na sauti ya marehemu ikamjibu kutoka katika kanda. Mwaka 2012 nyimbo zote ziliandikiwa okestra upya na Stuart Morley, zikapigwa na okestra ya Prague, na sauti za wawili wale zikaachwa kama zilivyokuwa. Caballé alifariki Barcelona tarehe 6 Oktoba 2018.

Si kwamba hao walikuwa wa kwanza kukutana kutoka pande hizo mbili, wala wa mwisho. Enrico Caruso aliimba nyimbo za mtaani za Napoli katika zama za mwanzo za santuri. Plácido Domingo aliimba na John Denver mwaka 1981. Pavarotti aliwaalika waimbaji wa pop kwao Modena mara kwa mara kuanzia 1992. Karibu zaidi na kisa chetu ni santuri ya For the Stars ya mwaka 2001, ya Anne Sofie von Otter wa Sweden na Elvis Costello wa Uingereza, kazi nzuri, tulivu, na kwa maoni yangu yenye adabu ya muziki kuliko Barcelona. Lakini tazama ilivyofanyika: nyimbo zake nyingi zilikuwako tayari, na von Otter aliiweka kando sauti ya opera akaimba kwa upole mbele ya kipaza sauti kama mwimbaji wa pop. Mwimbaji ndiye aliyehamia nyumbani kwa mtunzi. Katika Barcelona aliyehama ni mtunzi, akabisha hodi katika nyumba asiyosomea desturi zake, na akakubali kuamriwa na mwenye nyumba. Na ndiyo sababu, pamoja na kelele zake na vinanda vyake vya bandia, naihesabu katika historia ya opera, pembezoni lakini ndani.

Msomaji atakayependa kulihakikisha neno hili kwa masikio yake na asianze na wimbo wa mji, ambao umechoshwa na viwanja vya mpira. Na aanze na Exercises in Free Love kama Mercury alivyoiimba mwaka 1987, kisha aiweke Ensueño papo hapo baada yake, asikilize mahali ambapo sauti ya mwanamume inakwama na ya mwanamke inaendelea; kisha Guide Me Home. Atakuwa na matoleo mawili ya kuchagua, la 1988 na la 2012 lenye okestra ya kweli. La 2012 ndilo bora.